Sauti Inayopotea: Kubaini na Kutatua Matatizo ya Sauti katika Kompyuta za Linux kwenye Ofisi, Maabara na Kumbi za Mikutano za Dodoma

1.0 Njia ya sauti

Sauti ya kompyuta inayotumia Linux hupita ngazi tano kabla ya kumfikia msikilizaji, na kila ngazi inaweza kuipunguza au kuinyamazisha kabisa. Ya kwanza ni programu yenyewe, iwe Firefox, VLC au programu ya mkutano wa mtandaoni. Ya pili ni seva ya sauti, inayopokea sauti za programu zote na kuamua ziende wapi. Ya tatu ni ALSA, sehemu ya kiini cha Linux inayowasiliana na kadi ya sauti. Ya nne ni kadi yenyewe na matundu yake. Ya tano ni kifaa cha nje: spika, hedifoni, runinga au miksa ya ukumbi. Mtumiaji anaposema kompyuta haina sauti, ametaja matokeo. Kazi ya fundi ni kujua ni ngazi ipi iliyokata.

Historia yake inafahamika kwa wengi na haihitaji kurefushwa. ALSA ilichukua nafasi ya mfumo wa awali, OSS, katika kiini cha toleo la 2.6 lililotoka Desemba 2003. Seva ya sauti ya PulseAudio iliwafikia watumiaji wengi kupitia Fedora 8 mwaka 2007 na Ubuntu 8.04 mwaka 2008. PipeWire, seva iliyofuata, iliyoanzishwa na Wim Taymans, ikawa chaguo-msingi katika Fedora 34 mwaka 2021, Ubuntu 22.10 mwaka 2022, Debian 12 yenye GNOME mwaka 2023, na Linux Mint 22 mwaka 2024.

Historia hiyo ina athari moja inayosahaulika. Katika chumba kimoja cha ofisi, kompyuta yenye Ubuntu 22.04 inatumia PulseAudio na jirani yake yenye Ubuntu 24.04 inatumia PipeWire, ilhali skrini zao zinafanana. Fundi anayetumia dawa ya moja kwa nyingine hupoteza nusu siku. Ndiyo maana amri ya kwanza kabisa ni `pactl info`; mstari unaotaja jina la seva utaonyesha kama PipeWire ipo au haipo.

2.0 Kwa nini Dodoma

Dodoma iliamuliwa kuwa makao makuu ya nchi mwaka 1973, lakini wizara zilianza kuhamia kwa kasi kuanzia mwaka 2016, na mwaka 2018 mji ukapandishwa hadhi kuwa jiji. Pamoja na Bunge na ofisi za Mji wa Serikali kule Mtumba zimekuja semina, vikao kazi na warsha zisizohesabika. Tangu mwaka 2020 vingi kati ya vikao hivyo huunganishwa kwa njia ya mtandao na washiriki walioko Dar es Salaam, mikoani au nje ya nchi. Kikao cha namna hiyo kinaweza kuvumilia picha inayokatikakatika. Hakiwezi kuendelea bila sauti.

Linux imeingia humu kwa njia mbili. Ya kwanza ni maabara za vyuo na shule, ambako gharama ya leseni ni mzigo na kompyuta nyingi ni za mtumba. Ya pili ni ya hivi karibuni: Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma zake za kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haikubali rasmi kompyuta nyingi za Intel zilizotoka kabla ya kizazi cha 8. Mashine nzima, zenye kumbukumbu ya kutosha na betri inayofanya kazi, zimeonekana ghafla hazina mfumo. Kwa mashine hizo Linux ndiyo njia ya heshima ya kuendelea na kazi, na tatizo la sauti ndilo mara nyingi humfanya mtumiaji mpya aikatae katika wiki ya kwanza.

Hali ya hewa nayo ina sehemu yake. Uwanda wa kati una msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili. Miezi iliyobaki ni mikavu, yenye upepo na vumbi jepesi linaloingia katika kila tundu lililo wazi.

Ikumbukwe pia kwamba juhudi za programu huria nchini si ngeni. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004. Hata hivyo, maelekezo ya Kiswahili kuhusu jambo la kawaida kama sauti bado ni nadra, na fundi anayeanza hulazimika kuokoteza maelezo yaliyoandikwa kwa matoleo tofauti na lake.

3.0 Ukaguzi wa awali

Ukaguzi huanza chini na kupanda juu. Amri ya `aplay -l` huonyesha kadi ambazo kiini kimezitambua. Kama hakuna kadi hata moja, na mipangilio ya eneokazi inaonyesha "Dummy Output" peke yake, tatizo ni la kiendeshi au fimuwea, na hakuna kitelezi kitakachosaidia. Kama kadi zipo, `alsamixer` hufunguliwa na kitufe cha F6 hutumika kuchagua kadi halisi badala ya ile ya seva. Herufi MM chini ya mhimili maana yake umenyamazishwa. Herufi M huuwasha. Mihimili ya Master, Speaker na Headphone hukaguliwa yote mitatu, kwa sababu mmoja ukiwa sifuri unatosha kuua sauti.

Kisha seva. `wpctl status` kwa PipeWire, au `pactl list sinks` kwa seva zote mbili, huonyesha matokeo yaliyopo, yaani njia za kutolea sauti; lipi ni chaguo-msingi huonekana katika `wpctl status` au `pactl info`. `speaker-test -c 2 -t wav` hutamka kushoto na kulia kwa zamu, na kwa hiyo hutenganisha tatizo la kompyuta na tatizo la programu moja. Likisikika jaribio hilo na kivinjari kikabaki kimya, kosa liko ngazi ya kwanza: kichupo cha kivinjari kimenyamazishwa, au programu inapeleka sauti mahali pengine.

Kuna kosa moja la kuepukwa tangu hatua hii. Seva ya sauti ni mali ya mtumiaji aliyeingia, si ya mfumo mzima. Huanzishwa upya kwa `systemctl --user restart` ikifuatiwa na jina la seva, bila `sudo`. Fundi anayeiendesha kwa mamlaka ya msimamizi anaweza kuacha mafaili yasiyosomeka na mtumiaji ndani ya folda yake mwenyewe, na sauti ikapotea moja kwa moja kuanzia hapo. Vilevile, kumwingiza kila mwanafunzi katika kundi la `audio`, ushauri wa zamani ambao bado unarudiwa, kunaharibu maabara ambazo wanafunzi hubadilishana kompyuta bila kufunga kazi: wa kwanza huendelea kuishika kadi, na wa pili hukuta kimya.

4.0 Tatizo sugu: sauti kuhamia HDMI

Yote yaliyotangulia hutatuliwa kwa dakika chache na fundi mwenye utulivu. Tatizo linalokula muda mwingi zaidi katika kumbi, mwaka baada ya mwaka, ni moja: kompyuta inaunganishwa na projekta au runinga kwa kebo ya HDMI, na sauti inahama bila kuaga.

Mpangilio wa ukumbi unajulikana. Kompyuta mpakato moja iko juu ya meza ya sekretarieti. Kebo ya HDMI inakwenda kwenye projekta. Kebo nyembamba ya sauti inatoka tundu la hedifoni kwenda miksa. HDMI hubeba picha na sauti kwa pamoja, na projekta nyingi huitangazia kompyuta kwamba zinapokea sauti hata kama spika yake ni dhaifu au haifai kwa ukumbi. Seva huona tokeo jipya na huweza kulipa kipaumbele. Mgeni rasmi ameketi, video ya ufunguzi inabonyezwa, na ukumbi unabaki kimya.

Kinachofuata ndicho kinachosababisha hasara. Mwendeshaji hupandisha kitelezi cha sauti, lakini kitelezi hicho sasa ni cha HDMI, kwa kuwa kila tokeo hutunza kiwango chake. Fundi wa miksa naye hupandisha chaneli yake hadi juu. Mtu wa tatu huchomoa HDMI na kuirudisha. Kwa sekunde chache seva huirudisha sauti kwenye tundu la hedifoni, na ukumbi wote unapigwa na mlio ambao unaweza kuharibu spika na kuumiza masikio. Baada ya kikao hutolewa uamuzi kwamba Linux haifai, na kompyuta hupelekwa kwa fundi ili ipigwe Windows. Ni jambo la kusikitisha, kwa sababu kompyuta ilikuwa nzima na kiendeshi kilikuwa kizima.

Utaratibu wa ndani ni huu. Katika kompyuta nyingi za Intel, tundu la hedifoni na HDMI ni sehemu za kadi moja, na seva huzitazama kama profaili mbili za kadi hiyo. Profaili moja tu hufanya kazi kwa wakati mmoja. Kwa hiyo HDMI inapochaguliwa, tokeo la analogi halishuki kiwango wala halinyamazishwi. Linatoweka kabisa katika orodha ya seva. Fundi akitazama orodha huona HDMI peke yake na kuhitimisha kwamba kiendeshi kimeondoka. Hakijaondoka. `pactl list cards` itaonyesha profaili iliyo hai na zile zinazosubiri. Amri ya `pactl set-card-profile`, ikifuatiwa na jina la kadi na `output:analog-stereo+input:analog-stereo`, hurudisha spika na maikrofoni ya analogi kwa mara moja. Kwa asiyependa kuandika amri, ukurasa wa mwisho wa programu ya `pavucontrol` hufanya kazi hiyo hiyo kwa kubonyeza.

Kompyuta mpya zaidi, zinazotumia Sound Open Firmware, hutenganisha spika na matokeo ya HDMI, na yote huonekana kwa pamoja. Hapo profaili haihusiki; kinachotakiwa ni kuchagua chaguo-msingi kwa `pactl set-default-sink` au `wpctl set-default`. Fundi asiyejua tofauti hii ataitumia dawa ya kwanza kwenye mashine ya pili, na haitafanya lolote.

Tabaka la tatu ndilo linalochosha zaidi: kumbukumbu ya programu. PulseAudio na WirePlumber, msimamizi wa vifaa katika PipeWire, hukumbuka programu fulani ilipelekwa kwenye tokeo gani na kwa kiwango gani. Kivinjari kilichopangiwa HDMI katika kikao cha jana kinaweza kurudi huko leo, hata kama chaguo-msingi limebadilishwa na mlio wa majaribio unasikika vizuri. Dawa ya papo hapo ni kufungua ukurasa wa kwanza wa `pavucontrol` wakati video inacheza na kuihamisha sauti hiyo kwa mkono. Dawa ya kina, kwa PipeWire, ni kuisimamisha WirePlumber, kuondoa folda ya `~/.local/state/wireplumber`, kisha kuiwasha tena. Kumbukumbu zote za viwango na chaguo hufutika na kuanza upya. Hatua hii ifanyike siku moja kabla ya kikao. Haifai kufanywa mgeni rasmi akiwa ameketi.

Swali la kudumu ni jinsi ya kuizuia sauti isihame tena. Njia inayoelekezwa mara nyingi ni kuandika kanuni ndani ya WirePlumber yenye kuzima kifaa cha HDMI. Ni njia sahihi kiufundi, hasa kwa kompyuta za mezani ambazo HDMI iko kwenye kadi ya michoro peke yake. Lakini mwaka 2024 toleo la 0.5 la WirePlumber lilibadilisha namna ya kuandika mipangilio: lugha ya Lua iliyotumika awali ikaachwa, na mafaili mapya yakahamia `/etc/wireplumber/wireplumber.conf.d/`. Debian 12 na Ubuntu 24.04 ziko upande wa zamani; Debian 13 iko upande mpya. Mashine inaposasishwa, faili la zamani haliharibu kitu, halifanyi kitu tu. Kanuni iliyoandikwa kwa uangalifu na fundi aliyekwishahamishwa kituo inakufa kimya kimya, na tatizo linarudi kana kwamba halikuwahi kutatuliwa.

Kwa sababu hiyo mada hii inapendelea njia isiyo ya kifahari. Amri za `pactl` hufanya kazi katika PulseAudio, na hufanya kazi vilevile katika PipeWire kwa kuwa PipeWire inaielewa lugha ya mtangulizi wake. Hati fupi yenye mistari mitatu (kuchagua profaili, kuondoa unyamazishaji, kuweka kiwango) inaweza kuwekwa ijiendeshe mtumiaji anapoingia, na pia kufungwa kwenye njia ya mkato ya kibodi. Kujiendesha wakati wa kuingia peke yake hakutoshi, kwani projekta mara nyingi huunganishwa baadaye. Njia ya mkato ndiyo inayomwokoa mwendeshaji: vidole viwili vinarudisha sauti bila kufungua dirisha lolote mbele ya macho ya ukumbi mzima.

Viwango navyo vina kanuni yake. Asilimia 100 katika kitelezi ni desibeli sifuri. Chochote juu yake, hadi asilimia 150 zinazoruhusiwa na baadhi ya mazingira ya eneokazi, ni ukuzaji wa kidijitali unaokwaruza. Kwa upande mwingine, asilimia 50 si nusu ya nguvu: kwa kipimo cha seva ni takriban desibeli 18 chini ya kikomo. Ukumbini, kompyuta iwekwe kati ya asilimia 80 na 100, kisha kila marekebisho yafanyike kwenye miksa. Kebo iingie chaneli ya laini, siyo ya maikrofoni, na umeme wa volti 48 wa chaneli hiyo uzimwe. Mngurumo unaoanza chaja inapochomekwa na kukoma inapochomolewa hauna uhusiano na Linux; ni suala la ardhi ya umeme, na transfoma ndogo ya kutenganisha laini hulimaliza.

5.0 Matundu, vumbi na maikrofoni

Kadi nyingi hunyamazisha spika zenyewe zinapohisi plagi katika tundu la hedifoni. Ndani ya tundu kuna kigusio kidogo, na vumbi likikikwamisha kompyuta huamini hedifoni ipo siku zote. Dalili yake ni spika kimya huku `alsamixer` ikionyesha kila kitu kiko juu, na `pactl list sinks` ikisema hedifoni inapatikana wakati tundu ni tupu. Kuweka Auto-Mute Mode katika hali ya kuzimwa hurudisha spika kwa muda. Kusafisha tundu kwa hewa na alkoholi isiyo na maji, mashine ikiwa imezimwa, ndiyo tiba. Tundu likiwa limekufa kabisa, programu ya `hdajackretask` huweza kuiambia kadi ipuuze kigusio hicho.

Kompyuta mpakato nyingi zina tundu moja la hedifoni na maikrofoni. GNOME huuliza kilichochomekwa ni hedifoni, hedifoni yenye maikrofoni, au maikrofoni. Kebo ya miksa ijibiwe kuwa ni hedifoni. Jibu lisilo sahihi hapa limewahi kudhaniwa ubovu wa kebo, na kebo nzima zikatupwa.

Maikrofoni za ndani za kompyuta nyingi za Intel za miaka ya karibuni ni za kidijitali na hazifanyi kazi bila fimuwea. Katika Debian kifurushi chake ni `firmware-sof-signed`. Visakinishi rasmi kabla ya Debian 12 havikubeba fimuwea zisizo huria, na mashine zilizosakinishwa wakati huo na kusasishwa baadaye zinaweza kuwa bado hazina kifurushi hicho. Wataalamu wengi wamewahi kushauri kulazimisha kiendeshi cha zamani. Spika hurudi, lakini maikrofoni ya ndani hupotea, na mtumiaji hugundua hilo akiwa tayari kwenye kikao.

Hedifoni za Bluetooth zina kikwazo cha asili. Zikicheza muziki hutumia profaili yenye ubora, ya upande mmoja. Programu ya mkutano ikifungua maikrofoni yake, profaili hubadilika kuwa ya simu, yenye sampuli 8,000 au 16,000 kwa sekunde, na sauti inakuwa kama ya redio ya mbali. Kwa hedifoni nyingi hakuna mpangilio unaoondoa hali hiyo kikamilifu. Maikrofoni ya USB ya bei ya kawaida, ikiachiwa kazi ya kuzungumza, huiruhusu hedifoni ibaki katika ubora wake.

6.0 Mtumiaji asiyeona

Kwa mtumiaji anayeona, sauti ikipotea skrini inabaki. Kwa asiyeona, kompyuta yote imepotea. Mkoa wa Dodoma una Shule ya Wasioona Buigiri, wilayani Chamwino, na vyuo vikuu nchini vinapokea wanafunzi wasioona. Suala hili kwa hiyo si la pembeni.

Kisoma skrini cha Orca, kinachowashwa katika GNOME kwa Super, Alt na S, hutumia `speech-dispatcher` na sauti ya eSpeak NG, ambayo ina Kiswahili. Mlolongo huo wote unategemea seva ya sauti ile ile iliyoelezwa katika sehemu ya 4.0. Mwalimu akiunganisha runinga kwa HDMI, Orca huhamia kwenye runinga. Runinga ikiwa imepunguzwa sauti, mwanafunzi hana njia ya kujua kilichotokea wala ya kukirekebisha, kwa kuwa kila kirekebishi kinahitaji kusikika kwanza. Skrini ya kuingilia nayo huendeshwa na mtumiaji wake wa ndani mwenye mipangilio yake, hivyo Orca inaweza kuzungumza baada ya kuingia na ikawa bubu kabla yake. Kumwachia mwanafunzi huyo asubiri fundi hadi kesho yake, kwa tatizo la amri tatu, hakukubaliki.

7.0 Mapendekezo

Mapendekezo haya yanatolewa kwa vitengo vya TEHAMA, wakuu wa maabara na wasimamizi wa kumbi. Hayakusudii kuinyooshea kidole taasisi yoyote, na utekelezaji wake uzingatie taratibu za taasisi husika na miongozo ya Mamlaka ya Serikali Mtandao.

Kila kitengo kichague toleo moja la Linux lenye huduma ya muda mrefu na kulitumia katika mashine zote zinazoweza kulibeba. Mchanganyiko wa PulseAudio na PipeWire katika chumba kimoja ni chanzo cha makosa, na mashine inayobaki nyuma kwa sababu ya msingi iandikwe kibandiko kinachoonyesha seva yake.

Kompyuta za kumbi zitengwe na zisitumike kwa kazi nyingine. Ziwekwe hati fupi ya `pactl`, ijiendeshe wakati wa kuingia na ifungwe kwenye njia ya mkato. Hati hiyo ihifadhiwe pia nje ya kompyuta, pamoja na maelezo yake kwa Kiswahili, ili fundi anayehamishwa asiondoke na maarifa yake.

Kanuni za WirePlumber zitumike pale tu zinapohitajika, na kila moja iandikwe tarehe, toleo na sababu. Kabla ya kusasisha mfumo kwenda toleo kubwa jipya, kanuni zote zikaguliwe kama bado zinasomeka. Usasishaji usifanyike wiki ya Bunge la bajeti wala siku moja kabla ya kikao kikubwa.

Utaratibu wa kuunganisha ukumbini uwe mmoja: miksa ikiwa chini, HDMI ichomekwe kwanza, kebo ya sauti ifuate, tokeo lichaguliwe, jaribio la `speaker-test` lifanyike, ndipo miksa ipandishwe taratibu. Asiwepo mtu wa kuchomoa HDMI wakati miksa iko juu. Pendekezo hili limekwisha kugusiwa katika sehemu ya 4.0, linarudiwa kwa sababu ndilo linalovunjwa zaidi na ndilo linalolinda spika na masikio.

Hakuna kompyuta itakayofutwa na kupigwa mfumo upya kwa sababu ya sauti kabla ya fomu ya ukaguzi kujazwa. Fomu hiyo iwe na majibu ya `aplay -l`, `pactl info` na `pactl list cards`, na isainiwe na fundi. Inatosha ukurasa mmoja.

Wakati wa ununuzi, vigezo vya kiufundi vinavyowekwa katika mfumo wa ununuzi wa umma, NeST, vitaje kwamba maikrofoni na spika za ndani zifanye kazi katika Linux, na upokeaji wa bidhaa uhusishe jaribio la kurekodi na kusikiliza. Adapta za USB za sauti, ambazo huepuka tundu bovu na kadi iliyotwaliwa na HDMI, ziwekwe akiba katika kila ukumbi. Ni kifaa kidogo kinachookoa vikao vikubwa. Kwa maikrofoni za kuzungumzia, USB ipewe kipaumbele kuliko Bluetooth.

Matundu ya sauti yasafishwe mwishoni mwa kiangazi na tena katikati yake, na yafunikwe kwa vizibo vya plastiki mashine isipotumika. Ratiba ya usafi iingizwe katika mpango wa matengenezo ili isitegemee hiari ya mtu mmoja.

Mafundi wa sauti na maofisa TEHAMA wafundishwe pamoja. Hivi sasa kila upande huamini kosa liko kwa mwenzake, na muda wa kikao hupotea katikati yao.

Vyuo vyenye kozi za TEHAMA viwape wanafunzi kazi ya kuandika na kuhariri maelekezo ya Kiswahili ya utatuzi wa sauti, kwa toleo linalotumika katika maabara yao, na kuyasasisha kila toleo linapobadilika.

Kila kompyuta inayotumiwa na mtu asiyeona iwe na njia ya mkato inayorudisha profaili ya analogi, kuondoa unyamazishaji, kuweka kiwango kuwa asilimia 70 na kuiwasha upya Orca. HDMI izimwe kabisa kama tokeo la sauti katika mashine hizo, na mipangilio ya skrini ya kuingilia ikaguliwe peke yake. Njia hiyo ya mkato ijaribiwe na mtumiaji asiyeona mwenyewe, sauti ikiwa imeharibiwa kwa makusudi, kabla kompyuta haijakabidhiwa kwake.